Mwanafunzi Mwenye Matatizo

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Nilikuwa Dodoma kikazi, kwenye vikao vya Bunge, na wale mnaoijua kazi hii mnajua kwamba ukitoka ukumbini usiku na habari mbili bado hujaziandika, hamu ya kuandika vya kwako inakuwa imekwisha. Leo nimepata nafasi. Ninachotaka kuzungumza kilianzia njiani, stendi ya Msamvu pale Morogoro.

Basi lilisimama, nikashuka kununua maji. Kijana mmoja aliyekaa kwenye kibanda cha miamala ya simu akanitazama, akacheka, akasema: "Oya, bado unanisainia?"

Nilimtambua kwa swali lile kabla hata sijaitambua sura. Tulisoma pamoja mwaka wa kwanza wote na nusu ya mwaka wa pili. Jina lake sitalitaja, na chuo chenyewe sitakitaja. Yeye alikosa chumba, mimi nikapata, basi nikambeba. Kwa wale ambao hawakupitia maisha ya hosteli: kubebana ni kulala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, mmoja akiwa na jina kwenye orodha ya hosteli na mwingine akiwa hana. Tulilala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu na yangu kichwani kwake, kwa mwaka mmoja na ushee.

Mwaka wa pili akaanza kukosa vipindi. Kwanza kipindi kimoja kimoja, halafu siku nzima, halafu akaacha kabisa. Mchana alilala, usiku alikwenda kukaa kwenye ngazi. Sisi wenzake tukasema ana mambo yake, labda demu, labda boom limemwishia. Mimi nikafanya kitu ambacho wakati ule nilikiona ni msaada mkubwa wa kirafiki. Karatasi ya mahudhurio ilipopita nilisaini mara mbili, mara moja jina langu na mara ya pili jina lake, tena kwa mwandiko mwingine. Sikukosa hata wiki moja. Matokeo yalipotoka alikuwa amedisko. Akafunga begi, akaondoka, na mimi nikabaki na kitanda chote peke yangu. Nakiri kwamba usiku wa kwanza nililala vizuri.

Tangu siku ile ya Msamvu nimekuwa nikijiuliza swali moja. Chuo kinajuaje kwamba mwanafunzi wake fulani anazama? Mimi si mwanasaikolojia, ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nikafanya ninachokijua, yaani kutafuta watu wa zamani walifanya nini.

Nianze na lugha yetu yenyewe. Tunaposema "mwanafunzi mwenye matatizo" tuna maana mbili kwa mpigo, yule anayeteseka na yule mkorofi. Mwalimu akikwambia "huyu kijana ana matatizo" huwezi kujua kama anamhurumia au anataka afukuzwe. Nimeona kwamba mkanganyiko huu haukuishia kwenye maneno. Kwa miaka mingi taasisi zetu zimewatibu wote wawili kwa dawa ileile: mrudishe kwao.

Mfano wa zamani ninaoufahamu haukutokea chuoni bali shule ya bweni. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa wiki chache tu, wasichana watatu wa shule ya Kashasha, mkoani Kagera kwa jina la leo, walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Wakaambukizwa wenzao mpaka wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Walicheka, walilia, walikimbia huku na huko. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala kijidudu. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa na wasichana wakarudishwa makwao, na hapo kicheko kikaenda nao vijijini, Nshamba na kwingineko. Leo watu huisimulia habari hii kama kichekesho. Waliochunguza tangu zamani waliiona kuwa ni dalili ya wasiwasi mkubwa wa pamoja. Watoto wale walikuwa wanasema jambo, na kwa kuwa hawakuwa na njia ya kulisema, likatoka kwa kicheko.

Sasa twende chuoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kumi na wanne! Kwa idadi ile hapakuhitajika mfumo wowote wa kumtambua mwenye shida. Mmoja akikosekana asubuhi, darasa zima linaona pengo. Chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964 kilikuja na mpangilio wa vyuo vya Kiingereza, wenye mabweni, walezi wa mabweni, na ofisi ya yule ambaye Waingereza humwita dini wa wanafunzi. Sisi tukampa jina zuri zaidi: Mshauri wa Wanafunzi. Mimi huwa nalipenda jina hili. Linaahidi mtu wa kukaa naye na kuzungumza. Lakini ofisi hiyo hiyo ndiyo ikabebeshwa malazi, fomu, michezo, serikali ya wanafunzi na nidhamu. Anayetakiwa akusikilize ukilia ndiye pia anayekuandikia barua ya onyo. Wewe ungekwenda?

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa, ingawa wengi walirudishwa baadaye. Sina nia ya kuamua leo nani alikuwa na haki. Ninachotaka mkione ni mwelekeo tu. Jambo likichemka, mwanafunzi anapanda basi la kwao.

Halafu ikaja Februari 1990. Hapa naomba nikae kidogo.

Wakati huo pale Mlimani kulikuwa na kitu kilichoitwa Punch. Lilikuwa gazeti la ukutani, lisilo na jina la mwandishi wala mhariri, lililobandikwa usiku na kusomwa asubuhi na kila apitaye. Wengine walimwita Mzee Punch, kama vile ni babu mmoja mcheshi. Huko nyuma lilikuwa la kejeli na ukosoaji, lakini kufikia miaka ya 1980 lilikuwa limegeuka fimbo ya kuwachapia wanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa mtu, au aliyevaa hivi, au aliyeonekana anajidai, alichorwa na kuandikwa matusi ya aibu. Ukishaandikwa, wenzako walitakiwa wakutenge. Atakayeonekana anakula nawe au anatembea nawe alijua zamu inayofuata ni yake.

Mwezi huo mwanafunzi aitwaye Levina Mukasa, aliyekuwa ameandamwa na kundi hilo, alijitoa uhai. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1987, kililishikia bango suala hilo pamoja na wanawake wengine, na ndipo nchi ikaanza kuzungumza hadharani juu ya udhalilishaji wa kijinsia vyuoni. Punch ikapigwa marufuku. Miezi mitatu baadaye, Mei 1990, chuo chenyewe kilifungwa kwa sababu nyingine kabisa, mgomo wa wanafunzi na mvutano wao na serikali, hakikufunguliwa mpaka Januari 1991. Nafikiri kelele za mgomo zilisaidia watu kusahau upesi.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara nakwama mahali pamoja. Wataalamu wa siku hizi huzungumzia "kutambua dalili". Dalili gani iliyofichika hapa? Ilikuwa ukutani! Ilibandikwa mahali ambapo wanafunzi, wahadhiri, wafagiaji na walinzi wote walipita. Hakuna mtu Mlimani aliyehitaji semina ili ajue kwamba msichana anayetengwa na kutukanwa ukutani anaumia. Chuo kizima kilijua. Kilichokosekana ni mtu ambaye kujua kwake kungemlazimisha afanye jambo.

Nikaona nitazame na wenzetu wa nje, maana tumezoea kuambiwa wao wameshamaliza. Nilikuta wameanza mapema, lakini hawajamaliza.

Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ndicho kinachotajwa kuwa cha kwanza kuwa na huduma ya afya ya akili kwa wanafunzi, mwaka 1910, chini ya daktari Stewart Paton. Walianzia wapi? Waligundua kwamba wanafunzi wenye uwezo mzuri darasani walikuwa wanaacha masomo, na kilichowaondoa ni misukosuko ya moyoni. Yaani walimtazama aliyeondoka, wakauliza aliondoka kwa nini. Kwetu aliyedisko anaingia kwenye hesabu ya waliofeli, basi. Jina linabandikwa, wenzake wanapiga picha kwa simu, wanatumiana.

Uingereza nako kuna jambo nililolipenda. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Essex, ilianzishwa huduma ya simu ya usiku, mwanafunzi anapiga na mwanafunzi mwenzake anapokea. Hatoi ushauri, anasikiliza tu. Iliitwa Nightline, na vyuo vingine vingi vikaiga. Aliyebuni kitu hiki alijua kwamba ofisi zinafungwa jioni na shida za watu huanza hapo ofisi zinapofungwa. Rafiki yangu alikuwa anakaa kwenye ngazi saa nane za usiku. Saa mbili asubuhi, ofisi zilipofunguliwa, alikuwa amelala.

Tukio lililowatikisa zaidi Wamarekani ni la Virginia Tech, tarehe 16 Aprili 2007, pale mwanafunzi mmoja alipowaua kwa risasi watu 32 kisha akajiua. Nasita kulitaja, maana watu hulitumia kuonyesha kwamba mwenye maradhi ya akili ni mtu wa hatari. Si kweli. Walio wengi hawamdhuru mtu yeyote, wanaumia wenyewe kimya kimya. Nalitaja kwa sababu ya ripoti ya tume iliyoundwa na gavana wa Virginia, iliyotoka Agosti mwaka huohuo. Mkuu wa idara ya Kiingereza, Lucinda Roy, alikuwa ameshaona kwamba yule kijana hayuko sawa. Alimtoa darasani akamfundisha peke yake na kupeleka taarifa kwenye ofisi kadhaa. Polisi wa chuo walikuwa na kipande chao cha habari. Walezi wa bweni walikuwa na chao. Desemba 2005 hakimu alikuwa ameamuru akapate matibabu. Kila mmoja alishika kipande, na hakuna aliyeviunganisha, kwa sehemu kwa sababu maofisa waliamini kwamba sheria za faragha zinawakataza kuambiana. Tume ikasema walikuwa wamezielewa vibaya, sheria zilikuwa zinaruhusu zaidi ya walivyodhani. Mwaka uliofuata jimbo lile likatunga sheria ya kuvitaka vyuo vya umma viwe na timu ya kukutanisha taarifa hizo.

Mlimani 1990 wote walikuwa wanaona kitu kizima. Virginia kila mmoja aliona kipande. Matokeo ni yaleyale ya kila mtu kudhani mwingine ndiye anayeshughulika.

Mahakama nazo zimeingia. Chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, kilishitakiwa mwaka 2002 na wazazi wa mwanafunzi aliyefariki mwaka 2000, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2006. Kesi nyingine dhidi ya chuo hicho hicho ilifika mahakama ya juu ya jimbo, na Mei 2018 majaji wakaamua hivi: chuo hakina wajibu wa kumlinda kila mwanafunzi asijiue, lakini kikiwa kinajua hasa kwamba amejaribu akiwa masomoni au muda mfupi kabla ya kujiunga, au ametamka kwamba amepanga kufanya hivyo, kinawajibika kuchukua hatua zinazofaa. Katika kesi ile chuo kilishinda. Sasa mimi si mwanasheria, lakini naiona hatari yake. Wajibu unatoka kwenye kujua. Chuo kijanja kinaweza kuamua kwamba usalama wake uko kwenye kutokuuliza.

Wengine wamechagua njia tofauti. Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, baada ya kupoteza wanafunzi kadhaa kwa mfululizo, mwaka 2018 kiliwauliza wanafunzi wake wakati wa kujisajili: tukiwa na wasiwasi mkubwa juu yako, unaturuhusu tumpigie mtu gani? Mwanafunzi anachagua mwenyewe, awe mzazi, dada au rafiki. Zaidi ya wanafunzi 9 katika kila 10 walikubali. Tulikuwa tunaambiwa vijana hawataki kuingiliwa. Kumbe walikuwa hawajaulizwa! Na sisi tulijaza jina la ndugu wa karibu kwenye fomu ya kujiunga, sote tulijaza. Mimi niliandika la mjomba wangu, ambaye namba yake ya simu ilibadilika muhula wa kwanza haujaisha. Mpaka nahitimu hakuna aliyegundua.

Kuna jambo jingine kwetu ambalo huwezi kulikwepa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Ni sheria tuliyorithi kwa mkoloni, ambaye mwenyewe aliifuta kwake Uingereza mwaka 1961, mwaka uleule tuliopata uhuru. Jirani zetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikakitangaza kuwa kinapingana na katiba. Sasa fikiria uko chumbani na mwenzako anakwambia maneno mazito usiku. Utakwenda kwa nani? Ukimpeleka kwa mlezi wa bweni unaogopa unampeleka polisi. Na kama amebebwa, unaogopa hata kusema kwamba yupo.

Ndiyo maana simlaumu mlezi wa hosteli yetu. Alikuwa na orodha, na rafiki yangu hakuwamo. Mwaka 2017 Mlimani walifunguliwa hosteli mpya za kulaza wanafunzi 3,840, jambo jema sana, kwa kuwa wengi sasa wana jina mlangoni. Lakini kwa chuo chetu, kwa mtu aliyebebwa, ushahidi pekee kwamba yupo au hayupo ulikuwa karatasi ile ya mahudhurio. Uzi mmoja tu. Kama pangekuwa na mapengo ya wiki tisa mbele ya jina lake, huenda mhadhiri angeuliza. Huenda asingeuliza. Darasa letu lilikuwa kubwa na kipaza sauti kilikuwa kibovu. Lakini uzi ulikuwepo, na niliyeukata ni mimi, kwa mapenzi.

Nilimwambia hivyo pale Msamvu. Akanitazama kama ninayezungumza Kichina. "Acha zako bwana, ulinisaidia," akasema. Kisha, huku anamhudumia mama mmoja aliyekuja kutoa pesa, akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kuniambia tulipolala kitanda kimoja. Baba yake alifariki mwanzoni mwa muhula ule. Alikwenda kuzika, akarudi, akatuambia alikuwa na malaria. Hakutaka tumchangie. Kuanzia hapo usingizi ukakata.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda kwa mshauri.

"Nilikwenda."

Alikwenda mara moja, siku ya Jumatano. Ilikuwa wiki ya kusaini boom, benchi limejaa, watu wamesimama mpaka nje. Akapanga foleni kama saa mbili hivi, akipanga kichwani ataanzaje. Alipofika dirishani yule karani hakuinua kichwa. Akamuuliza, "Fomu gani?"

Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana. Akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni: "Ya kuhama chumba." Akapewa, akashukuru, akatoka.

Kondakta alikuwa ameshaanza kupiga bodi la basi, abiria wa Dodoma, abiria wa Dodoma. Nikamuuliza ile fomu aliifanyia nini.

"Niijaze vipi?" akasema. "Chumba chenyewe nilikuwa sina."